Mdaiwa wa Kaburi Namba 614

Nchi yetu ipo, na anayetaka kuitafuta kwenye ramani asijisumbue. Jina lake hubadilishwa kila anapoapishwa rais mpya, nami sitaki niandike jina la leo, kesho nikaitwa mpinzani. Itoshe kusema kwamba tuna bendera, tuna wimbo, na tuna Mfumo. Bendera na wimbo vinaweza kukosea. Mfumo hauwezi.

Mimi ni mwandishi wa gazeti la serikali, ukurasa wa mafanikio. Mwaka juzi mhariri wangu alinipangia Mahakama ya Madai Madogo ya Mtandaoni, ambayo serikali iliifungua baada ya kugundua kwamba kila nyumba nchini ina angalau mtu mmoja aliyetapeliwa kwa simu, na nyumba ya Waziri ina wawili. Siku ya ufunguzi Waziri wa Mitandao na Uaminifu alisimama mbele yetu akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa.

"Mwananchi aliyetapeliwa asijione mjinga," alisema. "Huyo ni mwananchi aliyeshiriki katika uchumi wa kidijitali. Kilichobaki ni kumpatia risiti."

Tulipiga makofi kwa muda uliopangwa.

Taratibu za mahakama hiyo zilikuwa rahisi kabisa. Wakili haruhusiwi, kwa sababu anarefusha mambo. Machozi hayaruhusiwi, kwa sababu yanalowesha faili. Na kila mdai, kabla ya kupewa namba, lazima aandike kwa mkono wake maneno "Dai langu ni dogo" na kutia sahihi, ili baadaye asije akasema lilikuwa kubwa. Katika miezi sita ya kwanza mahakama ilipata mafanikio ya asilimia mia moja. Hakuna mdaiwa hata mmoja aliyewahi kushinda kesi, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyewahi kupatikana. Niliiandika habari hiyo mwenyewe, na Waziri akaikata na kuibandika ofisini kwake.

Hapo ndipo alipokuja Bi Siwema.

Bi Siwema ni mjane, anafua mashuka ya nyumba moja ya wageni karibu na soko. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sudi, fundi wa mafriji, aliyekufa kwa homa na kikohozi cha siku tatu akiwa na miaka ishirini na sita. Walimzika Makaburi ya Manispaa, kaburi namba 614, na mama yake akapanda mrehani kichwani pa kaburi. Kila Ijumaa alikuwa akienda kuumwagilia.

Sasa, Idara ya Makaburi ina utaratibu wake, na mimi siwezi kuulaumu, maana ardhi haiongezeki. Kaburi lisilo na kibao cha saruji chenye jina kamili baada ya miaka miwili huhesabiwa kuwa halina mtu, na nafasi hiyo hupewa mhitaji mwingine. Bi Siwema alipata barua: "Ndugu Mfiwa, umebakiza siku arobaini." Mrehani haukuhesabiwa, kwa sababu haukuandikwa kitu.

Mafundi waliosajiliwa na Idara walikuwa wanataka laki tano kwa kibao kimoja. Bi Siwema hakuwa nazo. Jirani akamwonyesha kwenye simu ukurasa uitwao Vibao vya Heshima: picha za vibao vizuri vyeupe, laki moja na themanini elfu, usafiri bure. Akapiga namba iliyokuwepo.

"Shikamoo mama," ikaitika sauti ya kijana.

"Marahaba, mwanangu."

"Pole sana kwa msiba. Jina la marehemu tuandike nani?"

"Andika Sudi Athumani."

Upande wa pili pakawa kimya kidogo. Halafu ile sauti ikasema, "Sawa, mama. Tuma kwenye namba hii hii. Kibao utakipata Alhamisi."

Akatoa akiba yake yote. Alipobonyeza kutuma, simu ikamwandikia, kama zinavyoandika simu zote za nchi yetu: Unatuma 180,000 kwa SUDI ATHUMANI MBWERA. Bonyeza 1 kuthibitisha.

Wewe na mimi tunajua kwamba hapo simu inataja jina la mwenye laini. Bi Siwema hakujua. Alidhani wale watu wa vibao wanamwonyesha maandishi yatakavyokaa, ili kama kuna kosa alirekebishe mapema. Akayasoma herufi moja moja kwa kidole. Yalikuwa sahihi. Akafurahi kwamba kumbe bado wapo watu wanaofanya kazi kwa uangalifu, akabonyeza 1.

Alhamisi kibao hakikuja. Ijumaa ikaja sauti ile ile: gari limezuiwa kwenye mizani, inahitajika elfu ishirini. Akakopa, akatuma. Kuanzia hapo kila alipopiga, simu iliita bila kupokelewa, na siku zikawa zinakwenda.

*

Karani wa Mahakama ya Madai Madogo anaitwa Tunu, binti mwembamba anayeongea bila kuinua macho kwenye karatasi. Nilikuwa nimekaa pembeni nikihesabu mafanikio wakati Bi Siwema alipomkabidhi ujumbe wa muamala na namba ya tapeli. Tunu akaiingiza namba kwenye Mfumo. Kwa mara ya kwanza tangu mahakama ifunguliwe, Mfumo ukapiga kengele ya kupatikana.

"Mama, mdaiwa wako yupo," akasema Tunu. "Sudi Athumani Mbwera. Anaishi nyumba yako hiyo hiyo uliyoandika hapa."

Bi Siwema akashika ukingo wa meza.

"Huyo ni mwanangu."

"Ndivyo unavyosema Mfumo. Laini ni yake, alama ya kidole ni yake."

"Mwanangu yuko Makaburi ya Manispaa, mwaka wa pili huu."

Tunu akasoma tena. "Laini imetumika jana saa nne asubuhi. Na kwa kanuni, mama, mtu ambaye laini yake imetumika ndani ya siku tisini ni hai."

"Nani kaitumia?"

"Mfumo hauulizi nani."

Bi Siwema akakaa kwenye benchi. Akasema kama anayejisemea, "Niliwatajia majina mawili. Yakaja matatu. Mimi nikasema hawa watu wana adabu, wamemtafutia mpaka jina la babu yake."

Tunu akashusha sauti na kumwuliza, siku Sudi aliposajili laini yake, alibonyeza kidole mara ngapi. Bi Siwema alikumbuka, maana alikuwepo. Ilikuwa kwa wakala mmoja mwenye mwavuli, nje ya soko. Wakala alikuwa anasema haijasoma, bonyeza tena, haijasoma, bonyeza tena. Sudi alibonyeza mara nne, akacheka kwamba dole gumba lake limeliwa na gesi ya friji.

"Basi mara moja ilikuwa yake," akasema Tunu. "Tatu zilikuwa za wakala. Huwa wanasajili laini za akiba, wanakuja kuziuza hata mwaka mmoja baadaye. Lakini hilo halina sehemu ya kuandikwa kwenye fomu."

"Nikiacha kushtaki?"

"Hela haitarudi."

Bila hela hakuna kibao, na bila kibao hakuna kaburi. Siku zilikuwa zimebaki kumi na tisa. Bi Siwema akachukua kalamu, akaandika nyumba yake kuwa anwani ya mdaiwa, kisha akaandika kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara: Dai langu ni dogo. Ndivyo alivyomshtaki mwanawe.

*

Hakimu wetu, Mheshimiwa Ngwali, ni mtu msomi mno. Husikiliza akiwa amefumba jicho moja ili asipendelee. Ukumbi ulijaa, kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea kwamba leo mdaiwa ana jina.

"Mahakama hii haibagui," alianza. "Mbele ya sheria tajiri na maskini ni sawa, mwanamume na mwanamke ni sawa, na kuanzia asubuhi hii, aliye hai na asiye hai ni sawa. Nchi jirani bado hazijafika hapa."

Bi Siwema akatoa kibali cha kuzikia, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Hakimu akakisoma pande zote mbili.

"Kibali hiki kinathibitisha kwamba mtu alizikwa," alisema. "Hakithibitishi kwamba aliyezikwa ameacha kutumia simu. Swali la mahakama ni lingine. Siku ya maziko, nani alisimama kutangaza?"

Akasimama Kibwana, kaka yake Bi Siwema, mzee wa kazi za bandarini aliyevaa kanzu yake ya Idi.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Ulisema nini?"

"Nilisema yanayosemwa siku zote. Kama kuna mtu anamdai marehemu, au marehemu anamdai mtu, aje kwa familia tumalizane."

"Familia ni nani?"

"Ni mimi na dada. Na mimi, Mheshimiwa, siku hizi nakula kwa dada."

"Bi Siwema, ulilipinga tangazo hilo?"

"Nani anapinga msibani?" akauliza Bi Siwema.

Hakimu akafungua kitabu. Kumbe tuna Sheria ya Matangazo ya Msibani, na wengi wetu hatukuwa tukijua. Inasema kwamba tangazo likitolewa mbele ya jeneza bila kupingwa ni mkataba. Kwa hiyo hukumu ikatoka palepale: Bi Siwema ameshinda. Alipwe laki mbili zake zote. Na kwa kuwa familia ilikubali kubeba madeni ya mdaiwa, laki mbili hizo zilipwe na Bi Siwema, zitoke mkono wake wa kulia ziende mkono wake wa kushoto mbele ya karani, na mahakama ikate asilimia kumi ya usumbufu.

Watu walipiga makofi kwa mazoea. Bi Siwema alitazama mikono yake yote miwili, na mimi nikaandika kichwa cha habari: MJANE ASHINDA KESI NDANI YA DAKIKA ISHIRINI. Kwa nia njema kabisa, nikaweka na jina la mdaiwa, na mtaa, na rangi ya mlango.

*

Siku tatu baadaye walianza kuja.

Laini ile ilikuwa imefanya kazi kuliko ofisi yoyote ya serikali. Alikuja dereva aliyenunua matairi manne ambayo hajayaona. Alikuja mwalimu aliyelipia fomu za ajira za nchi yenye theluji. Alikuja bibi harusi aliyekodi viti mia mbili, wageni wakakaa chini. Kila mmoja alishika simu yake mkononi, na kila simu ilikuwa na jina la Sudi Athumani Mbwera, na tarehe, na saa, zote baada ya maziko. Walijipanga mbele ya ule mlango wa kijani wakiwa wapole, kwa sababu walisoma gazetini kwamba hii ni familia inayolipa.

Nilikwenda kuwahesabu. Niliwakuta thelathini na wawili. Nilitegemea kumkuta Bi Siwema amejifungia ndani, lakini alikuwa amekaa barazani, amewapikia uji, na alikuwa anamwuliza kila mmoja swali moja tu.

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Ya upole," akajibu Mzee Chambuso, mstaafu wa reli aliyepoteza kiinua mgongo. "Aliniamkia vizuri, sikumdhania baya."

"Alikohoa?"

"Hapana, hakukohoa."

"Basi amepona," akasema Bi Siwema, kisha akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Kibwana akamvuta pembeni. "Dada, unafanya nini? Yule ni mwizi aliyenunua laini mtaani. Sudi tumemlaza wenyewe, mimi nilikuwa upande wa miguu."

"Najua."

"Sasa?"

"Miaka miwili, kaka, hakuna mtu aliyenitajia jina lake. Hata wewe. Mnapita mbali mnasema yule kijana, yule marehemu, mnaogopa kuniumiza. Hawa wanakuja kulitaja kutwa nzima. Huyo mwizi ukimwita Sudi, anaitika."

Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilifunga daftari kabla ya habari kuisha. Nilikuwa nimeogopa, sijui kitu gani.

Mmoja kati ya wale watu, mama mwenye mtoto mgongoni, alipoona ile nyumba haina hata redio ya kupiga mnada, akasema yeye basi, amemsamehe marehemu, Mungu ampumzishe. Nilidhani Bi Siwema atashukuru. Akamgeukia akiwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Usimsamehe," akasema. "Hajakukosea."

*

Kesi iliitwa tena kwa sababu wadai walikuwa wengi na mikono ya Bi Siwema ni miwili tu. Ilikuwa Jumatano, na barua ya Idara ya Makaburi ilikuwa imebakiza mpaka Ijumaa. Mheshimiwa Ngwali alikuja na hekima mpya.

"Serikali inapenda amani," alisema. "Mila zetu zinasema marehemu husamehewa. Fomu zimechapwa. Anayesamehe atie sahihi, faili lifungwe, kila mtu arudi kujenga taifa."

Watu walikuwa wamechoka na nauli. Mmoja mmoja wakapita mbele, wakasema "nimesamehe," wakatia sahihi. Mzee Chambuso alitia sahihi huku ametazama ukutani. Akabaki Bi Siwema peke yake, na fomu mbele yake ikisema: Mimi, mama wa mdaiwa, nimemsamehe kosa alilonitendea.

Mahakama nzima ilikuwa inamsubiri.

"Nikitia sahihi," akamwuliza Tunu, "jina lake linakwenda wapi?"

"Linafutwa kwenye faili, mama."

"Na Ijumaa linafutwa makaburini."

Tunu alikuwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Faili likiwa wazi," akasema, macho chini, "anwani ya mdaiwa haiguswi na idara yoyote. Kifungu cha kumi na tisa. Mimi simshauri mtu, nasoma tu."

"Anwani ya mdaiwa anaiandika nani?"

"Mdai."

Bi Siwema akairudisha fomu, akasimama.

"Simsamehe," alisema.

Ukumbi ukaguna. Mama mzazi, tena mbele za watu.

"Namdai. Namdai laki mbili, na sitaki zilipwe na mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Na anwani niliyoiandika mwanzo nilikosea. Haishi kwangu. Anaishi Makaburi ya Manispaa, namba mia sita na kumi na nne. Nipeni niandike upya."

Nilimwona Hakimu akifumbua jicho la pili. Alikuwa na furaha ya kweli, masikini, kwa sababu katika historia ya mahakama yake huyu alikuwa mdaiwa wa kwanza mwenye makazi ya kudumu. Akaamuru samansi ipelekwe, na anwani ibandikwe kibao rasmi kwa gharama za serikali.

Ijumaa asubuhi wafanyakazi wa Idara walifika na majembe. Walikuta kibao cha chuma kimechomekwa kwenye zege, rangi haijakauka vizuri, SUDI ATHUMANI MBWERA, na chini yake MDAIWA, na chini yake tena HAPA NI ANWANI HALALI, KUHARIBU NI KOSA. Wakakisoma mara mbili, wakaenda kuchimba la jirani. Bi Siwema alikuwa amechuchumaa pale na kopo la maji. Alikifuta kibao vumbi kwa kanga yake, mstari wa juu na mstari wa chini. Ule wa katikati aliupita.

*

Laini ile inaendelea kufanya kazi mpaka leo. Wizara ilipoulizwa kwa nini haifungwi, ilijibu kwamba ni mlipaji mzuri wa tozo na haina rekodi mbaya, kwa kuwa wote walisamehe isipokuwa mama yake. Mimi sasa siandiki tena ukurasa wa mafanikio, nimeomba nihamishiwe hali ya hewa. Lakini Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi huaga kazini nikapita mahakamani, wala sijui ni kwa nini.

Kesi ya Bi Siwema lazima ihuishwe kila mwezi, la sivyo faili linajifunga. Analipa elfu mbili dirishani. Tunu anamwuliza kama bado anamdai, anajibu bado namdai, na mhuri unapigwa. Ameanza kuzeeka. Kibwana ameapishwa kwamba dada akiondoka yeye ndiye atakayedai, na baada yake haijulikani.

Na kwa kuwa mdaiwa sasa ana anwani inayotambulika, sheria inataka aitwe. Askari wa mahakama anatoka mpaka mlangoni, anajishika kiunoni na kuita kwa sauti kubwa, "Sudi Athumani Mbwera," mara tatu, na kila baada ya kuita anasubiri dakika moja iliyoandikwa kwenye kanuni. Katika dakika hizo hakuna anayeongea. Hakimu anatazama mlango, Tunu anatazama mlango, nami pia, japo nilikwisha kuuona mrehani ule na kibao kile kwa macho yangu. Bi Siwema hatazami. Yeye hujisogeza kidogo kwenye benchi, akavuta kanga yake upande wake, na kuacha nafasi ya mtu mmoja.